Karanga kumi juu ya mkeka: shajara ya kijitabu cha mji mpya

11 Januari

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kwangu jana jioni na mchoro ameuviringisha ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Tukautandaza mezani, tukabana pembe kwa vikombe. Ni mchoro wa mji mpya unaotarajiwa kujengwa juu ya mashamba yao: barabara zimenyooka, soko, stendi, shule mbili, zahanati, viwanja vya makazi na maeneo ya wazi, kila kitu na rangi yake. Kazi safi. Nasema hivyo nikiwa mtu wa fani hii. Aliyeuchora anajua kuchora. Mwenyekiti akainama, akapitisha kidole toka barabara kuu hadi mlimani, akaniuliza, "Mtaalamu, hapa shamba langu liko wapi?"

Tulitafuta karibu nusu saa. Mchoro haukuwa na shamba la mtu hata mmoja.

Mradi huu umeanzia hapo. Mtaa wenyewe uko pembezoni mwa mji mmoja wa Kanda ya Kati, saa chache kwa basi kutoka Dodoma. Halmashauri inataka kupanga, kupima na kumilikisha. Wenye mashamba nao wengi wanataka, wamechoka kumegea watu ekari moja moja kwa bei ya kutupa, kila mnunuzi anajenga anavyojua, mwisho hata gari la wagonjwa halipiti. Nia ipo pande zote mbili, ila hakuna aliyewaeleza wenye ardhi jambo zima linakwendaje. Tumekubaliana na kamati ya mtaa tuandike kijitabu cha kurasa 24, kwa lugha ya nyumbani, kinachoeleza mji mpya hupangwaje, fedha yake hutoka wapi, na nani huuongoza. Mimi naandika. Mwalimu mstaafu wa hapo mtaani anahariri. Binti mmoja anayesomea upimaji ardhi atachora picha. Nitaandika humu kila tunapopiga hatua, ili mtaa mwingine ukitaka kufanya hivi ujue sisi tulipita wapi.

18 Januari

Niliandika yaliyomo kama tulivyofundishwa chuoni: matumizi ya ardhi, msongamano wa makazi, miundombinu, utekelezaji. Mwalimu akaisoma yote, akavua miwani.

"Hii mmeandikiana nyinyi wataalamu," akasema. "Mwenye shamba ana swali moja. Leo ekari yangu ni bei ya shamba. Kesho ukichora barabara mbele yake inakuwa bei ya kiwanja. Ile iliyozidi hapo katikati ni ya nani?"

Nimelala na swali hilo usiku kucha. Miaka yote kazini nimelizunguka bila kulitamka wazi kiasi hicho. Mji mpya unaanza siku mtu anapolijibu, awe ameliandika jibu lake au amelinyamazia. Barabara na mabomba vinafuata baadaye. Nimefuta yaliyomo yote. Kijitabu kitasimama juu ya swali la Mwalimu, na kila mji tutakaoutaja tutauuliza hilohilo.

1 Februari

Kurasa za Dodoma zimekamilika. Zimechukua wiki mbili kwa sababu hapa ndipo penye somo letu la karibu, na kila mtu mtaani ana ndugu huko.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na kazi ikapangiwa miaka kumi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wote tunaijua kwa jina la CDA. Mpango kabambe wa mwaka 1976 ulitengenezwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na bado naupenda: makazi yamekusanywa mtu aweze kufika dukani na shuleni kwa miguu, baiskeli zina nafasi, mabasi yana njia yao. Ulikuwa mji wa nchi ya wakulima na watembea kwa miguu, umechorwa hivyo makusudi.

Fedha ikatoka Hazina, kwa kasma, yaani fungu la bajeti, ya kila mwaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 vita vya Kagera. Bei ya mafuta ikapanda tena. Kasma ikapungua, na mji uliokuwa unakula kasma ukadhoofu pamoja nayo. Miaka kumi ikapita bila serikali kuhama. Bunge lilianza kukaa Dodoma mwaka 1996. Uamuzi wa serikali yote kuhama ulitangazwa upya Julai 2016.

Sehemu iliyotutoa jasho ni ya ardhi. CDA ndiyo iliyochora mpango wa mji, ndiyo mwendelezaji wake na ndiyo mwenye ardhi yake, vyote kwa pamoja. Mwananchi hakupata hati ya moja kwa moja; alipewa mkataba wa pango wa miaka 33. Binti yetu akachora mstari wa miaka ukutani kwa chaki: aliyesaini mwaka 1988 anafika mwisho mwaka 2021, wakati mwanawe ndiyo kwanza anataka kuongeza vyumba. Benki ikimkopesha mtu mwenye miaka 9 iliyobaki, inamkopesha nini? Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikahamia kwa manispaa, na muda wa umiliki ukawa miaka 99. Mwaka uliofuata, 26 Aprili, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Mwalimu alitaka tuandike kwamba CDA ilikuwa mbaya, basi. Nilikataa, tukabishana hadi chai ikapoa. Mamlaka moja iliyoshika ardhi yote ndiyo iliyowezesha barabara pana za Dodoma na akiba ya ardhi ambayo Dar es Salaam haikuipata. Tatizo naliona kwenye uongozi. Diwani alichaguliwa na wananchi, akakaa kwenye baraza la manispaa. Ardhi ikawa kwa chombo ambacho wananchi hawakukipigia kura. Mtu mwenye shida ya kiwanja alikuwa na diwani asiye na kiwanja cha kutoa. Chang'ombe ya Dodoma ikakua bila kupimwa, jirani kabisa na maeneo yaliyopangwa. Tumeandika yote mawili, faida na kasoro, ukurasa wa 6 na wa 7, vikitazamana.

Tumeongeza na hesabu ya watu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Miaka arobaini ya kusuasua, halafu kumi ya mbio. Hizo mbio ndizo zinazokuja kwetu, na ndiyo maana sitaki kuchelewa.

9 Februari

Mvua kubwa wiki nzima, korongo limekata njia. Hatukukutana.

15 Februari

Niliandika kurasa mbili za miji mipya ya Uingereza. Mwalimu na Mwenyekiti wamezikataa. "Stevenage ni wapi, na Bibi fulani atafanya nini nayo?" Wana hoja, kijitabu ni kidogo. Nimeziondoa.

1 Machi

Leo tumekijaribu kijitabu kwa watu. Sitaki kusahau hata neno la siku hii.

Tulikaa chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya mtaa, watu kumi na wanne, wengi akina mama, wazee watano. Ukurasa wa hesabu ulikuwa na jedwali. Nilianza kulisoma, nikaona macho yanatoka kwangu yanaenda kwa kuku. Pembeni palikuwa na bibi anamenya karanga kwenye ungo. Nikamwomba kumi.

Nikazipanga mkekani. "Hizi kumi ni ekari moja." Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa mkekani tuseme 4,000, kila karanga 400. Nikasogeza tatu pembeni: hizi ni barabara, shule, uwanja wa watoto. Zimebaki saba, viwanja saba vya mita za mraba 400. Watu wakasogea. Nikachukua mbili kati ya zile saba: hizi zinauzwa kulipia upimaji, changarawe, na bomba la maji. Zinabaki tano, za mwenye shamba, zina namba, zina hati, na kila kimoja kina njia mbele yake.

Mzee mmoja akasema tano ni chache, yeye alileta kumi. Kelele kidogo. Bibi mwenye ungo akawanyamazisha kwa kuninyooshea kidole.

"Mjukuu wangu, hizi mbili umeziuza lini?"

"Vipi, Bibi?"

"Umeziuza kabla gari la changarawe halijapita, au baada? Maana mimi karanga nikiuza shambani ni bei nyingine, nikizimenya ni bei nyingine. Ukiniuzia zangu na maganda, utahitaji tatu. Ukisubiri barabara, labda moja inatosha."

Nilikaa kimya. Kiini chote cha kugharimia miji mipya alikitoa kwa sentensi chache, na mikono yake haikuacha kumenya. Anayeuza viwanja mapema ili apate hela ya kuanzia anauza kwa bei ya vumbi, na thamani ya barabara inachukuliwa na mnunuzi wa kwanza. Anayeweza kusubiri anaikuta thamani hiyo bado iko nyumbani. Lakini kusubiri kunataka mkopo, na mkopo wa kusubiri ni wa miaka mingi na riba ya kustahimilika. Benki ya mjini inayotaka rejesho mwezi ujao haifai.

Halafu mama mwingine, aliyekuwa kimya muda wote, akainama akaokota karanga mbili katika zile tano nilizosema ni za mwenye shamba. "Hizi kwangu ni korongo." Tukafungua mchoro. Lile korongo lililokata njia wiki nzima ya mvua, kwenye mchoro ni viwanja vya makazi, vina namba kabisa. Mchoraji alitumia picha ya satelaiti ya kiangazi, nadhani. Kiangazi pale ni mchanga mweupe tu, mbuzi wanalala. Nimemwandikia mwenzangu wa fani aliyehusika na mchoro, nimemtumia na picha tulizopiga Februari maji yakiwa yamejaa.

Jedwali limeondoka kijitabuni. Ukurasa wa 10 sasa ni karanga kumi, zimechorwa kwa ukubwa wake halisi.

8 Machi

Kurasa za Uingereza zimerudi, na aliyezirudisha ni Bibi. Mwalimu mwenyewe alinipigia simu: "Zile habari zako za mkopo wa kusubiri, ziweke."

Sheria ya Miji Mipya ya Uingereza ni ya mwaka 1946, nchi imetoka vitani, London imepigwa mabomu, watu wanahitaji nyumba. Stevenage ulikuwa wa kwanza kutangazwa, Novemba mwaka huohuo. Kila mji ulipewa shirika lake la uendelezaji. Shirika lilinunua mashamba, likakopa Hazina kwa miaka 60, likajenga barabara, nyumba na maduka, kisha likaendelea kukusanya kodi za pango. Miaka 60! Aliyekopa anajua atalipa kwa fedha ya mji uliokwisha kukomaa. Huyo ndiye anayemenya karanga kwanza.

Ila sikukubali tuishie hapo, kwa sababu mashamba yale yalinunuliwa kwa bei iliyoshushwa kisheria isihesabu mji unaokuja, na wenyewe walikuwepo. Waziri Lewis Silkin alipokwenda Stevenage kuzungumza na wenyeji alizomewa, na kibao cha stesheni kikabandikwa jina la kumkejeli. Wakazi walikwenda mahakamani, wakashinda ngazi ya kwanza, wakashindwa rufaa, wakashindwa tena mbele ya majaji wa House of Lords, ngazi ya juu kabisa wakati huo, mwaka 1947. Mji ukajengwa. Mwaka 1959 sheria ya fidia ikageuzwa, mwenye ardhi akaanza kulipwa bei ya soko, hadi ile bei ya matumaini inayohesabu ujenzi unaotarajiwa, na kujenga miji ya namna ile kukawa ghali zaidi. Kwa hiyo jibu la kwanza lilimpa mji kila kitu na mkulima akabaki na bei ya shamba. La pili likampa mwenye ardhi, na mji ukapungukiwa. Bibi wetu angekuwa Stevenage mwaka 1946 angekuwa miongoni mwa waliozomea, na nisingemlaumu.

Ndiyo maana njia ya kuchangia ardhi, karanga tano zikarudi kwa mwenyewe, naiona ya haki kuliko zote mbili. Nimeiandika hivyo wazi, kwa jina langu.

Letchworth, mji mwingine wa Uingereza, ina nusu ukurasa. Mji ule ulianza 1903 kwa kampuni iliyonunua ekari 3,818 na kujiwekea kikomo: wenye hisa wasipate gawio zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, ziada itumike mjini. Sehemu kubwa ya ardhi ya mji hadi leo iko mikononi mwa taasisi ya mji wenyewe, na kodi zake zinarudi palepale. Mwenyekiti alisoma hiyo nusu mara mbili na kuuliza kama SACCOS yetu inaweza kushika viwanja vya soko kwa mtindo huo. Sijui bado kisheria itakaaje, lakini swali limeingia kwenye orodha ya kumuuliza mwanasheria.

22 Machi

Kurasa za kwetu Tanzania, baada ya Dodoma. Mbili tu, nimezibana.

Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza 2002. Wizara ya Ardhi ilikopa Hazina shilingi bilioni 8.9, ikalipa fidia, ikapima, ikauza viwanja, ikarudisha deni. Kibada, Bunju, Tuangoma, Buyuni ni matunda yake. Kwa upande wa mfuko unaozunguka ni mfano mzuri: fedha ilitoka na ikarudi. Lakini ukifuata karanga, bei ya kiwanja haikubeba lami wala bomba, ndiyo maana watu walihamia kwenye viwanja vilivyopimwa vizuri wakichota maji kwa madumu. Na wenye mashamba ya awali walipata fidia wakaondoka. Viwanja vikaenda kwa wenye uwezo wa kununua. Siku hizi kuna programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha, maarufu KKK, ambayo mwaka wa fedha 2021/22 ilitengewa shilingi bilioni 50 za kukopesha halmashauri bila riba. Muda wa kurejesha ndio wa kuutazama. Mkopo usio na riba lakini wa kulipwa haraka unakulazimisha uuze karanga na maganda.

Kigamboni nimeandika kwa uchungu. Mwaka 2008 eneo lilitangazwa kuwa la mji mpya, watu wakazuiwa kuendeleza, na picha za maghorofa ya vioo zikasambaa nchi nzima. Miaka ikapita: mtu ana nyumba nusu, haruhusiwi kupaua, hajalipwa fidia, hawezi kuuza. Mji ule kama ulivyochorwa haujajengwa hadi leo. Kenya nao walipotenga ekari 5,000 za mji mpya wa Konza waliweka ukanda wa kuzuia ujenzi kuzunguka eneo hilo, na waliomo ndani ya ukanda wamelalamika kwa namna hiyohiyo. Kumzuia mtu asijenge kunagharimu, na anayelipa ni yeye. Kwenye kijitabu tumeweka swali la kuuliza kabla ya zuio lolote: linaisha tarehe ngapi?

29 Machi

Ukurasa wa fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Mthamini anatakiwa ahesabu thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyopo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na penye makazi au biashara, posho ya makazi na faida inayopotea. Sheria ya Uthamini ya 2016 imeongeza jambo ambalo watu hawalijui: uthamini wa fidia usipolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, inabidi ufanywe upya. Mwenye nyumba ya tope iliyothaminiwa miaka minne iliyopita haruhusiwi kulipwa bei ile ya zamani.

Fomu za kuchangia ardhi tumezitengenezea mstari wa mume na mstari wa mke. Mwenyekiti alisita. Mkewe alikuwa jikoni, akasikia, akatoka na mwiko mkononi, akauliza ule mstari wa pili una shida gani. Mistari imebaki miwili.

5 Aprili

Siku nzima kwa neno moja. Ile thamani inayozidi kwa sababu ya mpango tuiiteje? Mimi nilikuwa nimeandika "ongezeko la thamani ya ardhi litokanalo na uendelezaji". Mwalimu alilipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni: nani huyo? Tukajaribu "faida ya mpango", ikasikika kama ya mfanyabiashara. "Bei ya ahadi" nilitamani tuibakize, maana ni kweli mnunuzi wa mapema analipia ahadi, lakini ni ya mtu mmoja, haimgusi yule ambaye barabara imekwisha kupita kwake. Binti yetu alikuwa anafuta chaki ukutani, akasema, "Si ni nyongeza ya barabara tu?"

Ni hilo. Nyongeza ya barabara. Mtu yeyote anaelewa nani amejenga barabara na nani hajaijenga. Neno limeingia kila ukurasa.

19 Aprili

Ukurasa wa kutunza mji, ambao karibu tuusahau. Miradi mingi ninayoifahamu inahesabu gharama ya kupanda mti na kusahau ya kuumwagilia. Milton Keynes, mji mpya wa Uingereza uliotangazwa 1967, bustani zake zilikabidhiwa mwaka 1992 kwa taasisi maalumu, ikapewa na majengo ya kibiashara. Kodi za majengo hayo ndizo zinazokata nyasi. Sisi hatuna majengo ya kibiashara, lakini mchoro una viwanja kumi na viwili mkabala na stendi. Pendekezo letu: viwili visiuzwe. Vipangishwe, na pango lake liwe la taa, mitaro na uwanja wa watoto.

Hapa tulibishana kuhusu nani ashike hiyo fedha. Mwenyekiti alisema ofisi ya mtaa. Akina mama wa kikoba walisema iwe akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao asiwe kiongozi, na hesabu zibandikwe ukutani kila robo mwaka kama wao wanavyofanya na kikoba chao. Kura kumi na moja kwa tatu. Akina mama wameshinda.

3 Mei

Mkutano wa mtaa, maafisa wa halmashauri wamekuja: mipango miji, mpima, mthamini. Nilikuwa na wasiwasi kwamba watakiona kijitabu kama cha uchochezi. Afisa mipango miji alikifungua ukurasa wa 10, akakaa nao muda mrefu, akaomba nakala ishirini za mitaa mingine.

Mambo hayakwenda yote. Uwiano tuliouomba, tano za mwenye shamba kati ya saba, haukupita kama ulivyo. Mhandisi amesema bomba kutoka tangi kuu ni refu kuliko tulivyodhani, na kwa bei za sasa viwanja viwili havitoshi. Wamependekeza nne na nusu. Watu walinuna, mimi pia. Lakini walikubali vifungu viwili vilivyokuwa roho ya jambo lote: viwanja vya kulipia gharama visiuzwe kabla changarawe haijamwagwa, isipokuwa vile vya kulipia upimaji, na mwenye shamba akabidhiwe viwanja vyake palepale lilipokuwa shamba lake au karibu iwezekanavyo, asipelekwe mlimani. Na korongo limechorwa upya, mita 30 kila upande bila nyumba. Yule mama aliyeokota karanga mbili aliitwa mbele kuonyesha mpaka wa maji kwenye mchoro mpya. Aliuweka kwa kidole, mpima akatia penseli.

Fedha ya kutangulia, ule mkopo wa kusubiri, haijapatikana. Halmashauri inaomba. Tumepewa jibu la "mwaka ujao wa fedha", nami nimeliandika kwenye kijitabu kwa maneno hayohayo pamoja na tarehe ya leo.

17 Mei

Nakala 300 zimetoka kwa mchapaji leo asubuhi, karatasi ya kawaida, jalada la manila. Ukurasa wa 24 tumeuacha na mistari mitupu, juu yake pameandikwa: "Shamba langu, karanga zangu." Kila mtu ajaze ekari zake, zinazokwenda kwenye barabara, zinazouzwa, zinazobaki, na tarehe aliyoambiwa kila jambo litafanyika.

Nilipeleka ya Bibi mwenyewe nyumbani kwake. Alikuwa barazani. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kigoda. Hasomi, akaniomba nimsomee ukurasa wa 10, kisha akachukua kalamu yangu, akahesabu vidole, akaniambia niandike. Ekari tatu na robo. Tulifika mstari wa viwanja vya kuuza, nikamuuliza niweke vingapi.

"Acha wazi," akasema. "Nitajaza gari la changarawe likipita."